Siku Moyo wa Nzembi Uliposimama

Tangu Nzembi aambiwe kwamba moyo wake umeharibika mlango, mumewe Festus Musembi hakuuza tena moyo katika bucha yake pale soko la Kola. Mbuzi alichinjwa, akapigwa muhuri, akatundikwa. Maini yaliuzwa, figo ziliuzwa, matumbo yakagombaniwa na wenye hoteli. Moyo Festus aliufunga kwa gazeti na kumpa mlinzi wa soko bure. Mteja akiuulizia, alijibiwa, "Huyu wa leo hakuwa nao," na watu wa Kola, ambao walijua habari yote, hawakumsumbua zaidi.

Nzembi alikuwa mwanamke wa kicheko. Kabla ya maradhi, kicheko chake kilivuka bonde, na waliokuwa ng'ambo wakipalilia mbaazi walisema, "Festus amesema kitu tena." Ndoa yao ilikuwa hivyo: Festus akisema, Nzembi akicheka, na katikati ya hayo binti yao Kavata akakua, akaenda kushona nguo kiwandani Athi River. Sasa kicheko kilimkata Nzembi pumzi. Akicheka mara moja ilimbidi ashike ukingo wa kitanda, midomo ikigeuka zambarau. Basi Festus akajinyima utani, kama mtu anavyojinyima tumbaku, na nyumba yao ikawa kimya.

Daktari Mwendwa alikuwa mwanamke kijana wa kutoka Kangundo, na mara aliposikia majina yao aliwageuzia Kikamba. Aliwakalisha katika chumba kidogo cha hospitali moja kubwa ya Nairobi, akachora moyo juu ya boksi la glavu.

"Mlango ni huu, mwaitu," alimwambia Nzembi, akimwita kama mtu anavyomwita mama yake. "Unafaa kufunguka kama mlango wa nyumba. Wako unafunguka kama dirisha la choo. Damu inashindwa kupita, inarudi kujaa kwa mapafu. Ndiyo sababu unalala umekaa. Tutautoa, tuweke wa chuma."

"Mtaushonaje na moyo unaruka?" Festus aliuliza.

"Hatuwezi kushona kitu kinachoruka, mzee. Tutausimamisha."

Nje toroli ilipita ikilia magurudumu.

"Utausimamisha," Nzembi alisema.

"Kwa muda. Mashine itakuwa inazungusha damu mwilini, kichwani, kila mahali. Wewe hutakosa damu. Ni moyo peke yake utakaokosa."

"Si utakufa?" Nzembi aliuliza.

"Ungekufa, kama tungeufungia damu ukiwa moto na ukifanya kazi. Msuli ukifanya kazi una njaa kubwa. Kwa hivyo kwanza tunaulaza. Tunaumiminia dawa baridi sana kwenye mishipa yake yenyewe, na barafu kando yake. Unapoa, unatulia tuli. Moyo uliolala kwa baridi hauli sana. Sisi tunashona upesi, na kila baada ya kitambo tunaunywesha tena ile dawa."

"Na mkimaliza, damu ikirudi?"

Daktari aliweka kalamu chini. Wagonjwa wengi hawakufika kwenye swali hilo. "Hapo ndipo ninapokuwa na wasiwasi zaidi, sitakudanganya. Moyo uliokosa damu, ukirudishiwa yote kwa kishindo, unaweza kuumizwa na damu ile ile uliyokuwa ukiingoja. Tunairudisha kwa upole."

Nzembi alitikisa kichwa taratibu. "Kama ile njaa ya themanini na nne," alisema. "Jirani yetu alipata mahindi ya msaada, akapika muthokoi sufuria nzima. Wakala wakashiba, na mtoto mmoja akafa kwa kushiba. Mama yangu Kalunde alikuwa anatupa uji mwepesi, kijiko kwa kijiko, halafu anaficha sufuria. Tulimchukia kweli."

"Basi siku hiyo sisi ndio tutakuwa Kalunde," Daktari Mwendwa alisema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu.

Gharama ilikuwa imebebwa na kanisa pamoja na marafiki wa hospitali, jambo ambalo Festus hakulielewa vizuri wala hakutaka kulichimba sana, lisije likabadilika. Ila kulikuwa na kitu ambacho kanisa halingeweza kumlipia.

"Damu," daktari alisema. "Benki yetu haina. Nileteeni watu wanane wa kutoa. Aina yoyote ya damu, mradi wawe wazima. Bila hiyo sitaweza kumwingiza chumba cha upasuaji."

Walipotoka nje Nzembi alilazimika kukaa kwenye benchi la kwanza waliloliona. "Mimi siogopi kisu," alisema. "Naogopa kule kusimama. Baba Kavata, huo muda wote nitakuwa wapi?"

Festus akajisahau. "Punda wa mama yako husimama kila mlima," alisema, "na maji hufika."

Nzembi akacheka. Kicheko kikamkata pumzi pale pale, akainama, na Festus akamshika mgongo huku akijilaani moyoni. Watu waliokuwa wakipita walipunguza mwendo, wakamtazama kana kwamba yeye ndiye aliyempiga.

"Pole. Pole, mama. Sitarudia."

Ilichukua muda kabla ya Nzembi kuweza kujibu. "Ukiacha," alisema, "hapo ndipo nitajua nimekufa."

Kutafuta watu wanane Festus alikuona kazi nyepesi. Kila Jumamosi benchi za bucha yake zilijaa wanaume wanaongoja nyama choma, na Jumamosi hiyo alipowaeleza, waliinua mikono kabla hajamaliza. "Damu tu? Festus, hata ndoo!" mmoja alisema, na wenzake wakagonga meza.

Jumapili baada ya misa aliwauliza ni nani na nani watakaokwenda naye Nairobi Alhamisi. Mmoja alikuwa na malaria ambayo haijaisha. Mwingine alikuwa na presha. Wa tatu alikuwa ametolewa damu juzi juzi, hakumbuki na nani. Yule wa ndoo alisema mgongo wake hauwezi safari. Kufikia Jumanne Festus alikuwa amegundua kwamba Kola nzima haina mwanamume mzima.

"Usiwachoshe bure," aliambiwa na Titus, katekista, mtu mwembamba asiyependa kuzunguka maneno. "Si damu wanayoogopa. Hiyo damu inapimwa. Kile kidudu cha Ukimwi. Halafu unaitwa kwa chumba, unaambiwa. Mtu anaona heri asijue."

"Hata wewe?"

Titus alitazama viatu vyake. "Nipe siku moja."

Festus alipokuwa akivuka soko kurudi bucha, mwanamume mmoja akamwita kwa sauti kutoka kwenye kibanda cha chai. "Ona dunia! Muuza damu leo anaomba damu!" Watu wakacheka. Festus naye alicheka, kwa sababu mwenye biashara hucheka na wateja wake, lakini masikio yalimwaka mpaka alipojifungia nyuma ya wavu wa bucha. Ng'ambo ya barabara Erastus, mwenye bucha nyingine, alikuwa amesimama mlangoni na kisu mkononi. Yeye hakucheka. Festus hakumwuliza lolote, kwa maana walikuwa hawasemezani tangu siku Festus aliposema mbele za watu kwamba kidole gumba cha Erastus hulala juu ya mizani.

Jioni, jua likiwa bado mlimani, Nzembi alikuwa amekaa uani, mgongo kwenye gunia la magunzi, akichagua maharagwe. Festus alikaa karibu naye akanoa kisu ambacho kilikuwa kikali tayari.

"Umefikisha wangapi?"

"Wale mama watatu wa kwaya. Hao hawakuuliza hata swali. Na Kavata ameomba ruhusa kazini."

"Wanne. Na wewe, watano."

Kisu kilipita juu ya jiwe, kikarudi.

"Mimi nafikiri niko na presha," Festus alisema.

"Presha umeipata lini?"

Festus alikigeuza kisu upande wa pili. Zamani, bei ya mbuzi ilipokuwa mbaya kwao Kalama, Festus alikuwa akienda kuwanunua Kivaa na Ndithini. Alikuwa akilala huko siku mbili tatu kwenye nyumba za wageni, na nyumba hizo hazikuwa na wageni wanaume pekee. Hakuna aliyewahi kumwuliza. Hata sasa Nzembi hakumwuliza. Alitoa jiwe kwenye maharagwe, akalitupa.

"Kabla hawajakubali kunipasua walinipima kila kitu," alisema. "Kila kitu, Baba Kavata. Hata hicho wanaume wa Kola wanachokimbia. Niliambiwa majibu mbele yangu."

Kisu kikasimama. "Na?"

"Ningekuwa nacho ungekuwa umesikia kitambo. Sina. Kwa hivyo huo uoga wako hauna mahali pa kukaa."

Festus alimtazama kama mtu aliyeamshwa. "Ulikuwa unajua?"

"Niko na moyo mgonjwa, si macho." Sauti yake haikuwa kali. Ilikuwa na uchovu, na chini ya uchovu huo mlikuwa na kitu ambacho Festus aliona hakustahili. "Yalinikasirisha, yakaisha, nikabaki na wewe. Sasa sitaki hadithi ya Kivaa. Nataka damu."

Festus aliinuka, akaenda kumfunga mbuzi ambaye alikuwa amefungwa tayari. Alikaa naye huko muda mrefu. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu, na Nzembi akamsogezea ungo, wakachagua maharagwe pamoja.

Asubuhi ya Alhamisi hakufungua bucha. Alisimama mbele ya benchi zake, akasema kwa sauti ya kusikika, "Mimi natangulia. Nimeogopa kama nyinyi mnavyoogopa, lakini natangulia. Pikapu ya parokia iko pale."

Wanaume wakaangalia chai yao. Titus akatoka kanisani amevaa koti lake la Jumapili, akapanda nyuma bila neno. Kisha Erastus akavuka barabara, akijifuta mikono kwa aproni.

"Mimi hukuniuliza," alisema.

"Tulikuwa hatuongei."

"Kuongea na damu ni vitu viwili." Akavua aproni, akapanda.

Walipofika Nairobi, Kavata alikuwa akiwangoja langoni, akawaongoza hadi chumba cha damu. Wakahesabiwa saba. Wa nane alipatikana pale pale: dereva wa pikapu, aliyesema hawezi kukaa nje anakunywa soda wakati akina mama wamelala vitandani wanatolewa damu. Wote wakapimwa, wakaitwa mmoja mmoja, wakaambiwa. Festus alipotoka alikuwa akitembea kama mtu aliyetuliwa mzigo begani. Lakini alipolala, akaona damu yake mwenyewe ikishuka kwenye mrija, chumba kikamzunguka. Alipozinduka miguu yake ilikuwa imeinuliwa juu ya mto na nesi alikuwa akimpepea kwa faili.

"Kazi yako ni gani, baba?"

"Niko na bucha," Festus alisema kwa sauti ndogo.

Nesi alimwangalia, akaangalia pembeni, mabega yakimtikisika. Akina mama wa kwaya hawakujisumbua kuficha kicheko.

Siku ya upasuaji Festus alikaa kwenye korido na mama mkwe wake. Kalunde alikataa kiti. Alitandaza leso sakafuni ukutani, akanyoosha miguu, na mlinzi alipomwambia hapo hapakaliwi, alimjibu kwa Kikamba kirefu mpaka mlinzi akaondoka. Festus alikuwa amejifunza kwa maisha yake yote kwamba moyo ukitolewa hutetemeka kidogo mkononi, kisha unatulia, na ukishatulia hutundikwa. Hakuwahi kuona uliotulia ukirudi. Alijaribu kufikiria barafu, akaacha. Alijaribu kusali, akajikuta anasema, polepole, polepole.

Alasiri Daktari Mwendwa alitoka, kofia ya upasuaji imemchora mstari kwenye paji la uso.

"Mlango umeingia vizuri," alisema. "Tulipourudishia damu, moyo haukungoja tuushtue kwa umeme. Ulianza wenyewe."

"Asante Ngai," Kalunde alisema kutoka sakafuni.

"Lakini umezubaa." Daktari aliketi kando yao. "Ule mlango wa zamani ulikuwa umeganda kama chokaa. Tulichelewa kuutoa, moyo ukalala njaa zaidi ya tulivyopanga. Sasa unapiga, ila hausukumi kwa nguvu. Tunaupa dawa za kuusaidia."

"Umekufa upande?" Festus aliuliza.

"Sijui bado. Msuli uliozubaa na msuli uliokufa, leo vinafanana. Uliozubaa huamka ukipewa siku mbili tatu. Uliokufa hauamki."

Waliruhusiwa kuingia mmoja mmoja. Nesi alimwambia Festus anawe mikono, akanawa. Akamwambia anawe tena. Alipomrudisha mara ya tatu, Festus akasema kwa aibu, "Ni kazi yangu, sista. Harufu haitoki," na nesi akamwacha apite. Gauni alilopewa halikufika mgongoni. Nzembi alikuwa amelala katikati ya mirija, bomba mdomoni, uso umevimba, na kifua kikipandishwa na mashine. Festus hakujua amguse wapi. Mwishowe alishika nyayo zake. Zilikuwa baridi kama za mtu aliyevuka mto alfajiri, naye akazisugua mpaka akaambiwa muda umekwisha.

Siku ya pili hali ilikuwa ile ile. Festus alimsimamisha daktari mlangoni. "Si mwongeze hiyo dawa? Iusukume?"

"Tukiupiga mijeledi utachoka kabisa, mzee. Tunaupa kidogo tu, upumzike ukifanya kazi."

"Mwache mtoto wa watu," Kalunde alimwambia mkwewe. "Anashika kijiko. Wewe unataka sufuria."

Jioni Kavata alipitia kutoka kazini na habari za nyumbani. "Dad, Erastus amefungua bucha yako. Anachinja, anauza, pesa anampelekea Titus aweke. Ati hataki wateja wako wazoee kwake."

Festus alifunika uso kwa viganja vyake, akakaa hivyo.

Asubuhi ya tatu, alipomwona Daktari Mwendwa akija kwa haraka kwenye korido, aliushika ukuta. Lakini daktari alikuwa akicheka.

"Tumepunguza dawa nusu, na umeshikilia! Tukapunguza tena. Umeshikilia. Haukuwa umekufa, mzee. Ulikuwa umezubaa tu."

Kalunde aliinua mikono yote miwili, akapiga kigelegele ambacho kilimrudisha mlinzi mbio.

Bomba lilipotolewa, Festus aliingia. Sauti ya Nzembi ilikuwa mkwaruzo.

"Nilikuwa wapi?"

"Hapa hapa. Hukwenda mahali."

"Wanasema nimewekwa damu. Ni yako?"

"Nimeuliza. Daktari anasema haangalii ni ya nani, mradi inakufaa." Festus alisita. Alitazama mlangoni, akatazama ule mshono mrefu chini ya plasta. Kisha akashindwa kujizuia. "Lakini naogopa kuna ya Erastus ndani yako. Tukifika nyumbani nitakupa mizani, nione kama kidole kitalala."

Uso wa Nzembi ukajikunja. Akakumbatia kwa mikono miwili mto mdogo aliopewa wa kujishikia kifua, akatoa sauti ya ajabu, nusu kilio, na nesi akaja mbio akiuliza amefanya nini huyu baba. Festus hakumsikia. Alikuwa ameinama anaitazama midomo ya mkewe, anangoja zambarau ije. Alingoja. Haikuja. Nzembi alikuwa akicheka na kuumia na kuvuta pumzi, yote kwa pamoja, na pumzi ilikuwa ikitosha.

"Toka nje, baba," nesi alisema.

"Mwache," Nzembi alinong'ona. "Aendelee."

Nzembi alirudi kanisani Kola baada ya mvua za vuli, gauni lake la kwaya likimpwaya. Akina mama walitaka kumweka mbele, akakataa, akakaa na Festus katikati. Baada ya komunyo padri aliketi na watu wote wakainamisha vichwa katika ule ukimya mrefu wa kushukuru. Hapo ndipo uliposikika mlio mdogo: tik, tik, tik.

Daktari alikuwa amewaambia kwamba mlango wa chuma una sauti yake, na mahali pakiwa kimya utasikika. Nyumbani walikuwa wamezoea. Hapa ulipanda mpaka kwenye mabati. Mama mmoja alifungua mkoba akatazama ndani. Erastus alitikisa saa yake, akaiweka sikioni. Kule mbele Titus aliinua kichwa, akaanza kumtafuta kwa macho aliyekuja na saa ya mezani misani.

Nzembi aliinama sikioni mwa mumewe, shingo imemwiva kwa aibu. "Baba Kavata, wanasikia. Nitoke nje?"

"Kaa," Festus alisema. Aliuchukua mkono wake, akauweka juu ya goti lake mwenyewe, mbele za watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kanisani. "Waache wasikie."